Gesi ya Mtwara, mafuta ya Hoima na mtungi wa Tlawi

Mtu anayetoka Tlawi kwenda Mbulu mjini kubadilisha mtungi wa gesi wa kilo 6 husikia redioni habari mbili ambazo hazilingani na bei anayolipa dukani. Ya kwanza ni kwamba Tanzania ina akiba ya gesi asilia inayokadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57, na kwamba ya Songo Songo inatumika tangu mwaka 2004. Ya pili ni kwamba bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, kwenda Tanga limepitishwa mkoani mwake mwenyewe, katika wilaya za Hanang, Kiteto na Simanjiro. Gesi tunayo, mafuta yanapita uani, na bado gesi iliyomo ndani ya mtungi wake imekuja nchini kwa meli. Kuna nini hapo?

Wapo wanaojibu upesi kwamba ni siasa, na wengine kwamba ni wafanyabiashara. Hatukatai kwamba vyote viwili vimo. Ila kuna sababu iliyotangulia siasa na biashara, nayo haizungumzwi sana kwa kuwa watu wengi waliiacha darasani: ukubwa wa molekuli. Wakati huu ambapo serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa, somo hilo limetoka darasani likaingia jikoni.

Ukoo mmoja, tabia mbalimbali

Gesi asilia, gesi ya mitungi, petroli, mafuta ya taa, dizeli, nta ya mshumaa na lami ya barabarani ni ukoo mmoja. Zote zimejengwa, karibu zote kwa ukamilifu, na vitu viwili tu: kaboni na haidrojeni. Ndiyo maana huitwa haidrokaboni. Tofauti kubwa kati ya ndugu hao ni idadi ya kaboni zilizoungana katika mnyororo mmoja. Gesi asilia ya kwetu ni methani, yenye kaboni moja. Propani ina tatu, butani nne. Petroli ni mchanganyiko wa minyororo ya kaboni kama tano hadi kumi na mbili, mafuta ya taa kama kumi hadi kumi na sita, na dizeli huendelea mbele kidogo. Nta ya mshumaa ina ishirini na kupanda. Lami ina makumi mengi, tena zilizosokotana.

Molekuli mbili zikikaribiana huvutana. Mvuto huo ni hafifu sana, lakini kila kaboni inayoongezwa kwenye mnyororo huongeza sehemu ya kushikana. Fikiria kapu lililojaa vipande vya kamba vya urefu wa kidole: ukiliinamisha, vipande vinamwagika vyenyewe. Sasa jaza kapu lilelile kamba ndefu za kufungia ng'ombe. Ukiinamisha, zinatoka kwa kuvutana, au hazitoki kabisa. Kuchemka ni molekuli kuachana na wenzake na kuruka hewani. Kuganda ni kushikana hadi zisiweze kupishana. Mnyororo mrefu huona shida kuachana na huganda mapema.

Tarakimu zinaonyesha vizuri. Methani huchemka kwenye nyuzi joto 162 chini ya sifuri, kwa hiyo popote duniani watu wanapoishi ni gesi. Propani huchemka nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani huchemka karibu kabisa na sifuri yenyewe. Penteni, yenye kaboni tano, huchemka nyuzi 36, joto la mwili wa binadamu. Okteni, yenye kaboni nane, nyuzi 126. Ukifika kaboni 16 ni nyuzi 287, na hapo linatokea jambo la kuvutia kwetu watu wa nyanda za juu: kitu hicho kikiwa peke yake huganda kwenye nyuzi 18. Chupa yake ikiwekwa Dar es Salaam itabaki majimaji mwaka mzima. Ikiwekwa Mbulu usiku wa Julai, asubuhi itakutwa imeganda kama samli.

Kwa nini ya Mtwara haifiki

Gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay, Mtwara, ni methani karibu tupu. Kwa mitambo ya umeme hiyo ni sifa njema, maana inawaka bila masizi mengi na haihitaji kusafishwa sana. Kwa mtungi wa jikoni ni balaa. Molekuli ya kaboni moja ni ndogo mno na mvuto wake ni mdogo mno kiasi kwamba katika joto la kawaida huwezi kuigeuza majimaji kwa kuibana tu, hata ubane namna gani. Lazima kwanza uipoze sana.

Basi kuna njia tatu za kuisafirisha, na zote ni ghali. Njia ya kwanza ni bomba. Lile la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lenye zaidi ya kilomita 500, lilizinduliwa mwaka 2015, na lina maana kwa sababu mwisho wake kuna mitambo ya umeme na viwanda vinavyokula gesi usiku na mchana. Nyumba kadhaa za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara zimeunganishwa kwa sababu ziko karibu na bomba. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbulu hakuna mlaji mkubwa wa kulipia bomba la namna hiyo, na kaya zilizotawanyika vilimani haziwezi kulilipa zenyewe.

Njia ya pili ni kuibana mara 200 hivi ya mgandamizo wa hewa ndani ya mitungi minene, kama inavyofanyika kwenye magari na bajaji zinazotumia gesi. Mtungi wa aina hiyo ni mzito na wa gharama, na si wa kupakiwa kwenye bodaboda kupanda Tlawi. Njia ya tatu ni kuipoza hadi iwe majimaji, ambapo ujazo wake hupungua mara 600. Huo ndio mradi wa Lindi unaozungumzwa kwa miaka mingi, wenye makadirio ya zaidi ya dola bilioni 40, na lengo lake kubwa ni kuuza nje kwa meli zenye matangi yanayohifadhi ubaridi huo.

Kwa hiyo mtu anaposema "gesi yetu" huku akionyesha mtungi, anachanganya ndugu wawili. Ya kwetu ina kaboni moja. Ya mtungi ina tatu na nne, na hizo karibu hazimo katika visima vyetu. Hupatikana kwa wingi mahali ambapo mafuta ghafi yanasafishwa, au pale gesi inapotoka ardhini ikiwa na molekuli kubwa zaidi ndani yake, kama katika nchi za Ghuba. Tanzania haina kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi kinachofanya kazi. Kile cha TIPER cha Kigamboni kiliacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990 na kubaki cha kuhifadhi. Basi meli zinashusha Dar es Salaam na Tanga, na kutoka huko ni malori.

Mtungi kwenye baridi

Propani na butani zimekaa mahali pazuri kwenye mnyororo. Ni kubwa vya kutosha kukubali kuwa majimaji ukizibana kwa nguvu ya kiasi, na ni ndogo vya kutosha kurudi kuwa gesi mara ukifungua kishikizo. Hiyo ndiyo siri yote ya mtungi wa kilo 6, ule ambao Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukiupeleka wilayani kwa nusu ya bei.

Hata hivyo mtungi huohuo haufanyi kazi sawa Tanga na Mbulu. Butani katika joto la nyuzi 30 husukuma kwa nguvu karibu mara 2.8 ya mgandamizo wa hewa wa pwani. Katika nyuzi 10, ambazo si ajabu huku kwetu alfajiri ya Juni au Julai, nguvu hiyo hushuka hadi mara 1.5 hivi. Propani bado husukuma vizuri, zaidi ya mara 6. Ila unapopika, ndugu hawa hawatoki sawasawa: propani, kwa kuwa ni nyepesi, hutangulia kwa wingi, na kadiri siku zinavyokwenda mtungi unabaki na butani zaidi na zaidi. Tena kule kuvukiza kwenyewe kunakula joto, ndiyo maana chuma cha mtungi huwa cha baridi ukipika kwa muda mrefu.

Matokeo yake kila mama wa nyanda za juu anayajua. Moto unalegea, anaona mtungi umeisha, anautikisa na kusikia majimaji bado yanacheza ndani. Huo si lazima uwe wizi. Inawezekana ni butani iliyokataa kuruka kwa sababu ya baridi, na mchana jua likipanda moto unarudi. Wizi upo pia, na dawa yake ni mizani. Muuzaji anatakiwa awe nayo, na uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chenyewe, kwa hiyo ukijumlisha kilo 6 unapata hesabu unayopaswa kuiona. Usichopaswa kufanya ni kuusogeza mtungi karibu na mafiga ili upate joto. Mgandamizo unapanda haraka kuliko watu wanavyodhani.

Hapa kuna swali ambalo tungependa liulizwe na halmashauri zinaponunua mitungi ya shule na zahanati: mchanganyiko wenyewe una propani kiasi gani? Nchi zenye majira ya baridi hubadili uwiano kulingana na msimu. Mteja wa Mbulu anauziwa mchanganyiko uleule wa mteja wa Kariakoo. Bei nayo haimo katika orodha ya bei kikomo inayotolewa na EWURA kila mwezi. Orodha ile ni ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mkuu wa shule ya bweni inayopikia wanafunzi mia nne akipata gesi dhaifu asubuhi ya baridi, uji unachelewa, na siku ya tatu anarudi kwenye kuni, agizo au si agizo.

Kuna tofauti nyingine ya ukubwa ambayo inahusu uhai. Molekuli ya methani ina uzito wa 16 tu, hewa ni kama 29, kwa hiyo methani ikivuja hupanda na kutoka juu. Propani ni 44 na butani 58. Zikivuja hushuka sakafuni na kutulia kama maji yaliyomwagika, na huingia mashimoni na kwenye vyumba vilivyo chini. Huku kwetu nyumba hufungwa vizuri usiku kwa ajili ya baridi, na jiko la kuni mara nyingi liko ndani ya nyumba hiyohiyo. Dirisha la juu halitoshi. Panapotumika gesi ya mtungi panahitaji uwazi wa chini pia, karibu na sakafu, hata kama ni tundu la mlangoni. Ukisikia harufu kali, ile inayotiwa makusudi kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu, fungua mlango kwanza. Usiwashe taa wala kiberiti.

Petroli si mafuta ya taa

Tukipanda hatua moja kwenye mnyororo tunafika petroli. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Lile lilikuwa lori la petroli. Molekuli za petroli ni fupi kiasi kwamba hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye ubaridi wa nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa ardhini mbali na dimbwi lenyewe. Cheche inaweza kuwa mita nyingi kutoka pale unapochota. Dizeli, ambayo mnyororo wake ni mrefu, kwa kawaida haitoi mvuke wa kuwaka hadi ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Lakini mtu aliyesimama kando ya barabara hana namna ya kujua lori limebeba nini, kwa hiyo kanuni ni moja tu: usisogee.

Mafuta ya taa yako katikati. Ndugu wanaopakana kwenye mnyororo huchanganyika bila kuacha alama, na hapo ndipo biashara ilipoingia. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, wachakachuaji waliyamimina kwenye dizeli, na injini za malori na matrekta zikaumia, kwa sababu dizeli yenye minyororo mifupi hailainishi pampu ipasavyo. EWURA ilianza mwaka 2010 kutia kwenye mafuta vinasaba, yaani alama maalumu ya kuyatambua, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha sana kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua iondoke.

Hatua ile ilifanya kazi. Lakini nani aliilipia? Aliyelipa ni yule wa kijijini ambaye hakuwa na lori wala trekta, alikuwa na kibatari. Kwa kuwa macho hayawezi kutofautisha molekuli ya kaboni 12 ya taa na ya kaboni 14 ya dizeli, maskini alitozwa kodi ya kosa la mwenye lori. Umeme wa REA na taa za sola zimeupoza mjadala huo, ila tunaukumbusha kwa sababu sera za nishati bado zinaandikwa hivyohivyo: kwa lita na kwa shilingi, bila kuuliza nani yuko upande wa pili wa mnyororo.

Na kwa wale wanaobaki na kibatari: ukinunua mafuta ya taa kwenye chupa njiani, yakinusa petroli usiyatie kwenye taa. Petroli kidogo tu ndani ya mafuta ya taa inatosha kuigeuza taa kuwa kilipuzi.

Bomba linalopashwa moto

Sasa turudi Hanang. Bomba la EACOP lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Wenye hisa ni TotalEnergies asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulifanywa Februari 2022, na tarehe ya mafuta ya kwanza imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, hadi mwaka 2026.

Mradi huo unatajwa kuwa bomba refu zaidi duniani linalopashwa joto, na watu huliimba jambo hilo kama sifa. Kwa kweli ni gharama. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, yaani minyororo mirefu, na yakiachwa katika joto la kawaida huganda. Hayawezi kusukumwa kilomita elfu moja na ushee kwenye ardhi ya Hanang au Kiteto bila kuwa saruji ya nta ndani ya chuma. Basi bomba lote limevikwa sponji ya kuhifadhi joto, kazi iliyofanyika kwenye kiwanda maalumu cha Sojo, Nzega, na limewekewa nyaya za umeme za kulipasha, ili mafuta yabaki nyuzi 50 na zaidi. Ganda la nje la plastiki nalo ni haidrokaboni, yenye maelfu ya kaboni kwenye mnyororo mmoja. Mnyororo mrefu kupita kiasi unamlinda ndugu yake mfupi asigande.

Linganisha na TAZAMA, bomba la kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia. Hilo lina kilomita 1,710, ni refu kuliko EACOP, limefanya kazi tangu mwaka 1968, na halipashwi moto. Tangu 2023 linasafirisha dizeli. Minyororo ya dizeli ni mifupi, inateleza yenyewe. Kenya nayo iliyaona haya Turkana: mafuta ya Lokichar yana nta vilevile, na yaliposafirishwa kwa malori hadi Mombasa yalihitaji matangi ya kuhifadhi joto. Shehena ya kwanza, mapipa 200,000, iliondoka Agosti 2019.

Hapa ndipo tunapotaka msikilizaji wa Hanang na Mbulu asidanganywe na matumaini yasiyo na msingi. Mafuta ghafi si mafuta ya gari. Hakuna kituo cha kuchepusha lita kadhaa Hanang zikatumika, na hata ukipewa pipa zima, kikipoa utabaki na kitu cheusi kilichoganda. Zaidi ya hapo, kabla mafuta hayajaingia bombani huko Uganda, gesi zake nyepesi hutolewa, kwa sababu mafuta yanayotoa mvuke mwingi ni hatari kusafirisha. Miongoni mwa gesi hizo ni propani na butani, na Uganda imepanga kuzitumia kutengeneza gesi ya mitungi kwa soko lake. Kwa maneno mengine, kile anachokihitaji mama wa Tlawi kimeshatolewa kabla bomba halijavuka mpaka wa Mutukula.

Faida ya bomba kwa mkoa ni ya aina nyingine: ajira za muda, fidia ya ardhi, ushuru wa kupitisha unaoingia Hazina. Hayo yajadiliwe kwa jina lake. Wabunge na madiwani wanaosema bomba litashusha bei ya nishati Manyara waulizwe litaishusha kwa njia gani.

Eyasi na lami

Hoja hiyohiyo itarudi, tena karibu zaidi. Shirika la TPDC limekuwa likifanya utafiti wa mafuta katika bonde la Eyasi Wembere, na sehemu ya bonde hilo iko upande wa Mbulu. Bado ni utafiti. Lakini jiolojia inatupa dokezo. Mafuta ya Albert na ya Turkana yote yalitokana na mabaki ya mimea midogo ya maziwani, ya aina inayoota katika maziwa kama Tlawi, iliyofunikwa na matope ya Bonde la Ufa kwa mamilioni ya miaka. Mimea ya namna hiyo huzaa mafuta yenye minyororo mirefu. Basi yakipatikana mafuta Eyasi, uwezekano mkubwa ni kwamba nayo yatakuwa ya nta, yatahitaji kupashwa moto, na yatatafuta njia ya kuungana na bomba lilelile.

Lami ni mwisho wa ukoo. Ndiyo inayobaki chini kabisa mafuta yakishachemshwa, haichemki kwa moto wa kawaida, na lazima ipashwe nyuzi 150 hivi ndipo imwagike. Tunaitaja kwa sababu barabara ya Karatu hadi Mbulu na Haydom inaisubiri, na kila lori la mitungi litakalopita kwenye lami badala ya tope litapunguza bei ya gesi kuliko bomba la Hanang litakavyoweza.

Kinachobaki mkononi

Kama molekuli ya kaboni moja haisafiri, na ya tatu na nne inakuja kwa meli, basi kwa Tlawi kuna mambo mawili yanayostahili kupewa nafasi zaidi katika mipango ya nishati safi kuliko yanavyopewa sasa. Moja ni umeme. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, sehemu kubwa ya gesi ya kusini imeshageuzwa umeme, na waya hupanda mlima kirahisi kuliko methani. Jiko la umeme la presha la kuchemshia maharage hutumia umeme kidogo kuliko watu wanavyoogopa.

La pili liko zizini. Kinyesi cha ng'ombe kikioza bila hewa hutoa gesi ambayo kiasi cha asilimia 60 ni methani, ileile ya Mtwara. CAMARTEC ya Arusha imekuwa ikiieneza mitambo hiyo kwa muda mrefu. Ng'ombe wawili au watatu wanaofungwa na kulishwa zizini wanatosha kupikia familia, mradi maji ya kuchanganyia yapatikane karibu. Watu wa Mbulu ni wafugaji, na methani inayotengenezwa nyuma ya nyumba haihitaji kubanwa wala kupozwa, kwa kuwa haiendi popote. Bomba la mita kumi linatosha. Tatizo lake kubwa huku ni baridi, kwani vijidudu vinavyofanya kazi hiyo huzembea joto likishuka. Ndiyo sababu mtambo huchimbiwa chini ya ardhi, ambako usiku wa Julai hauingii kwa ukali uleule, na ndiyo sababu anayejenga Tlawi anahitaji shimo kubwa kuliko anayejenga Babati kwa idadi ileile ya ng'ombe.